Boksi Lisiloguswa, Toleo la Marudio au Mkweche: Uchague Lipi Ukiwa Moshi au Arusha

Anayetaka kuingia kwenye magari ya plastiki ya zamani, yale ya miaka ya 1960 na 1970 yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi, atakuta njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kununua boksi la enzi hiyohiyo ambalo halijawahi kuguswa. Ya pili ni toleo la marudio: kalibu ya zamani, yaani chuma kinachoumba vipande, imerudishwa kwenye mashine, plastiki mpya ikapita humo, na boksi likachapwa upya. Ya tatu ni mkweche, yaani gari ambalo mtoto fulani Marekani au Uingereza aliliunganisha miaka hamsini iliyopita kwa gundi nyingi na rangi ya brashi, likakaa darini mpaka wenye nyumba walipoamua kuliuza kwa bei ya takataka. Kuna na ya nne, boksi la kisasa, hasa la Kijapani. Hilo nitaligusa kwa ufupi, maana si la zamani, ingawa kuna watu litakaowafaa kuliko yote.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa anayeishi Moshi au Arusha, anza na toleo la marudio moja, kisha hamia kwenye mikweche na ubaki huko. Boksi lisiloguswa liache, isipokuwa kwa sababu moja nitakayoieleza. Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa na watu ambao duka la modeli liko mtaa wa pili; wakiishiwa gundi au rangi wanavuka barabara. Sisi duka hilo hatuna. Tunao mafundi wa bodi na rangi kila kona, tuna jua, na tuna mazoea ya kufufua kitu badala ya kukitupa. Njia nzuri ni ile inayotumia vitu hivyo badala ya kutufanya tusubiri vifurushi mwaka mzima.

Vipimo na majina

Magari ya kampuni za Kimarekani za AMT na MPC kwa kawaida ni ya kipimo cha 1/25, ya kampuni ya Monogram ni 1/24, na Airfix ya Uingereza ilipenda 1/32. Gari halisi la urefu wa mita 5 litakuwa na sentimita 20 kwenye 1/25, karibu 21 kwenye 1/24, na chini kidogo ya 16 kwenye 1/32. Magari ya 1/24 na 1/25 yakikaa rafu moja jicho halitambui tofauti. Utaitambua siku utakapotoa kioo cha moja kukivalisha jingine: hakikai. Kwa mwenye mikweche hili lina uzito, kwa sababu atakuwa anaokota vipande huku na kule.

AMT, iliyoanza mwaka 1948 huko Michigan, mwanzoni ilitengeneza magari yaliyokwisha kuungwa kiwandani, ambayo wauzaji wa magari Marekani waliyatumia kumwonyesha mteja umbo na rangi ya gari jipya. Mwaka 1958 ikaleta maboksi ambayo mtu mwenyewe angeweza kujenga gari kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, likiwa limepambwa, au la mashindano. Namna hizo tatu ndizo chanzo cha vipande vingi vya ziada unavyovikuta ndani ya boksi, na ndizo zilizosababisha mikweche mingi ya leo kuwa na bampa za ajabu na matundu kwenye boneti. Watoto walichagua mapambo.

Yale yaliyoungwa kiwandani, hasa ya miaka ya 1950, mengi ni ya asetati, plastiki inayojikunja kadiri miaka inavyokwenda. Ukiona picha ya gari la namna hiyo, bodi imeinuka katikati kama samaki aliyekaushwa juani, pita. Kuinyoosha ikabaki imenyooka ni kazi ngumu mno. Yote nitakayosema kuanzia hapa yanahusu polistirini, plastiki ngumu iliyokuja kutawala baadaye.

Boksi lisiloguswa

Uzuri wake ni mkubwa na sitaudharau. Kila kipande kipo kwenye fremu yake, vile vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande, kromu inang'aa, karatasi ya maelekezo imekunjwa na mikono ya kiwandani. Mistari ya milango ni myembamba na mikali kwa sababu kalibu wakati huo ilikuwa bado changa. Kwa mtu anayependa historia ya kitu chenyewe, hakuna kinacholingana nalo.

Tabu ni kwamba nailoni ya nje haizuii uzee. Matairi ya zamani ni ya vinaili laini, na ulaini wake unatokana na kemikali iliyochanganywa humo. Kemikali hiyo huhama polepole. Tairi likilala juu ya kioo au juu ya bodi kwa miaka, linaacha alama iliyoyeyuka, wakati mwingine mpaka upande wa pili. Yote mawili yamo ndani ya boksi moja, na wewe uliyenunua kwa picha za nje huwezi kuona. Stika za maji nazo hugeuka manjano, na zikitiwa majini hupasuka vipande vidogo. Bodi iliyobanwa vibaya ghalani hupinda. Kwa hiyo unaweza kulipa bei ya kitu kipya ukapokea kitu kinachodai matengenezo yaleyale ya mkweche.

Halafu kuna hesabu ya bandarini. Forodha hutoza juu ya thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, na VAT ya asilimia 18 hukaa juu ya hapo. Boksi la bei kubwa linavuta kodi kubwa. Mkweche wa bei ndogo unavuta kodi ndogo. Na siku utakapolifungua boksi hilo, sehemu kubwa ya thamani uliyoilipia inaondoka, maana wakusanyaji walikuwa wanalipia kutoguswa kwake. Mtu anayelipia kutoguswa na huku nia yake ni kugusa, kwa maoni yangu anatupa pesa.

Ile sababu moja ya kulinunua ni hii. Kampuni za Marekani zilitoa gari jipya kila mwaka kufuata mabadiliko ya magari halisi, na mara nyingi badala ya kuchonga kalibu mpya zilirekebisha ileile: grili ikakatwa, taa za nyuma zikabadilishwa, pengine gari la kawaida likageuzwa la mashindano na matao ya magurudumu yakapanuliwa. Likishafanyika hilo, umbo la awali kwa kawaida halirudi tena kutoka kalibu ile. Kama gari unalolitamani ni moja ya hayo, na mikweche yake yote unayoiona imekatwakatwa, basi boksi la enzi yake ndilo lililobaki. Hapo lipa, na ulijenge.

Toleo la marudio

Hapa ndipo pa kuanzia, nami simung'unyi maneno. Siku hizi AMT na MPC hutolewa na kampuni ya Round 2, ambayo mara nyingi hurudisha michoro ya boksi ya zamani, huchapa stika mpya na kuweka matairi mapya. Unapata sura ya zamani bila kioo kilichoyeyuka. Stika zinakaa, vioo ni safi, na ukikosea kuna boksi jingine kama hilo. Gari la kwanza ni la kujifunzia namna bodi, chasisi, injini na sakafu vinavyoshikana. Jifunzie juu ya kitu kinachoweza kurudiwa.

Udhaifu wake unatokana na umri wa kalibu. Plastiki huvuja pembeni mwa vipande na kuacha ndevu ambazo lazima uzikwangue. Mistari ya milango imefifia, na utahitaji kuichimba upya kwa ncha kabla ya kupaka rangi, la sivyo rangi itaifukia kabisa. Baadhi ya vipande vilivyokuwamo kwenye toleo la kwanza havimo tena. Ukichukua magari ya kampuni ya Revell ya miaka ya 1960 zenye milango inayofunguka, jiandae kwa kazi ya kupatanisha mapengo ambayo haimfai anayeanza hata kidogo. Chagua gari ambalo bodi yake imetoka kipande kimoja.

Jihadhari na wauzaji wanaouza marudio kwa bei ya asili. Mwaka uliochongwa chini ya chasisi ni mwaka wa kalibu. Haukuambii boksi lilitoka lini. Kalibu ya 1965 inaweza kutoa plastiki leo na mwaka huo ukabaki palepale. Angalia boksi. Msimbo wa mistari (barcode) ulianza kutumika madukani Marekani mwaka 1974, kwa hiyo boksi lenye msimbo huo haliwezi kuwa la miaka ya 1960, liwe limechakaa namna gani.

Kuna faida nyingine ya marudio ambayo wengi hawaihesabu: ni ghala la vipuri. Kama kalibu ni ileile, bampa, vioo, ringi na usukani wa boksi jipya vitakaa kwenye mkweche wa zamani. Mtu mwenye marudio moja na mikweche miwili ya gari hilohilo ana magari yanayoweza kukamilika yote, kwa sababu vipande vya ziada vya zile namna tatu za ujenzi vinajaza mapengo. Ndiyo maana nasema anza na marudio kisha uhamie kwenye mikweche. Usilitupe wala kuligawa lile boksi likiwa na mabaki yake.

Mkweche

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na ndiyo inayoifaa miji yetu. Mkweche unakuja na plastiki ya enzi yake, mara nyingi nene na nzuri, kutoka kalibu iliyokuwa bado kali. Unakuja pia na gundi iliyomwagika, alama za vidole zilizoyeyuka kwenye paa, na rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Kazi ni kutenganisha viwili hivyo bila kuua cha kwanza.

Kabla ya kununua, kagua picha kwa mpangilio huu. Nguzo za paa kwanza: zikiwa zimevunjika na vipande havipo, gari hilo ni la vipuri tu. Kisha matao ya magurudumu, kwa sababu wengi waliyakata kwa kisu ili kuingiza matairi mapana, na kurudisha duara sahihi ni kazi ya puti na subira ya siku nyingi. Kisha kioo cha mbele. Kilichokwaruzwa kinasuguliwa kwa msasa laini na dawa ya kung'arisha kikarudi. Kilichoyeyushwa na gundi hakirudi, utatafuta kingine kwenye marudio. Rangi mbaya isikutishe hata kidogo. Rangi ndiyo inayotoka kirahisi kuliko vyote, na ndiyo inayoshusha bei kuliko vyote.

Kutenganisha kunaanza kwenye friza. Gundi ya zamani ya tyubu ikipata baridi kali usiku kucha inakuwa kavu na dhaifu. Asubuhi, kwa kisu chembamba na mikono ya polepole, viungo vingi vinaachia vyenyewe. Kinachokataa kirudishe friza, usikilazimishe.

Rangi huondolewa kwa mafuta ya breki, ya kawaida ya duka la spea. Bodi inazamishwa kwenye chombo chenye kifuniko, inakaa siku moja au zaidi, kisha inasuguliwa kwa mswaki wa zamani. Vaa glavu, funga chombo, kiweke mbali na watoto, na usimwage mafuta hayo mtaroni. Kwa rangi laini Dettol nayo inafanya kazi, ila usitie maji kabla ya kuifuta yote kwa Dettol nyingine, kwa sababu ikikutana na maji rangi iliyolainika inageuka utando wa kunata. Kromu iliyochakaa inatoka kwa Jik baada ya muda mfupi. Jik itumie peke yake, katika hewa, wala usiichanganye na dawa ya choo au kitu kingine chochote, maana mchanganyiko wa namna hiyo hutoa gesi ya sumu. Petroli, tina na asetoni visiguse plastiki yako, vinaiyeyusha.

Linganisha orodha hiyo na mahitaji ya boksi jipya. Boksi jipya linataka gundi maalumu ya plastiki na rangi ndogondogo za modeli, na vitu hivyo vikiwa na viyeyushi huhesabiwa bidhaa hatari kusafirishwa kwa ndege. Kopo la kunyunyiza ndilo linalokataliwa zaidi. Mkweche unataka mafuta ya breki, Jik, friza, msasa na puti, vyote vinapatikana kwa mwendo wa miguu kutoka stendi ya Moshi. Kwa viungo vichache vinavyobaki, supagluu na Araldite zinatosha. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya mbao, kwa kuwa supagluu huacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu.

Bodi iliyopinda kidogo inanyooshwa kwa maji ya moto ambayo mkono hauwezi kukaa lakini hayajachemka. Izamishe, inyooshe taratibu, ipeleke kwenye maji baridi ukiwa umeishikilia. Stika za zamani zilizogeuka manjano zibandike ndani ya dirisha linalopigwa na jua, zikiwa kwenye mfuko angavu. Jua hulifuta manjano siku baada ya siku, na jua la Moshi halina uvivu. Kabla ya kuzitia majini zipulizie klia (rangi angavu ya juu) nyembamba ili zisipasuke. Matairi ya zamani ukitaka kuyatumia, zungushia ringi utepe mweupe wa mafundi bomba ili vinaili isiguse polistirini tena.

Kipande kisichopatikana kinatengenezwa. Shika kipande cha fremu juu ya mwali wa mshumaa mpaka kilainike, vuta ncha mbili, utapata uzi mwembamba wa plastiki wa kufanyia antena au waya za plagi. Kioo cha pembeni kinakatwa kutoka kwenye plastiki angavu ya kufungashia mashati. Anayetazama magari ya watu wetu barabarani, namna spea inavyobuniwa pasipo spea, atakuwa mwanafunzi mwepesi.

Lakini niwe mkweli kuhusu upande ambao mkweche unashindwa. Kromu ikishatoka, mng'ao wa kiwandani haurudi. Utatumia rangi ya fedha, kalamu ya kromu au karatasi ya foili iliyogandishwa kwa gundi nyembamba kwenye mistari ya milango na fremu za vioo. Mimi naona bampa ya namna hiyo inafanana zaidi na bampa ya gari la kweli lililotembea, kuliko ile kromu nzito ya boksini inayofunika kona zote. Anayependa mng'ao atabaki na marudio.

Rangi: hapa Moshi na Arusha tunashinda

Pale Unga Limited, Arusha, na kwenye gereji za Moshi, kuna vijana wanaonyoosha bodi na kupiga rangi kutwa. Wana kompresa, wana bunduki, na maduka ya rangi yanayochanganya rangi ya gari kwa kufuata msimbo wake yapo. Kiasi kinachobaki kwenye kikombe baada ya kupiga bampa moja ya Land Cruiser kinatosha gari lako zima. Hiyo ni rangi halisi ya gari, na unaipata kirahisi.

Hatari ni tina. Rangi za NC, yaani za nitroselulosi, zinachanganywa na tina kali, na ikiloweka polistirini, hasa ile laini ya zamani, uso wote unajaa nyufa ndogo. Nilipopeleka bodi kwa fundi mmoja, kijana mwenye mkono mzuri, aliigeuza mara mbili akasema:

"Mzee, tina yetu itaila hii."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja na vijiko."

Vijiko vile vyeupe vya kutupa, vigumu, vinavyovunjika ukivikunja, kwa kawaida ni polistirini kama gari lenyewe. Piga praima kwenye kijiko, kisha rangi, kisha klia, kwa tabaka nyepesi ambazo kila moja inakauka kabla ya nyingine. Kijiko kikibaki laini, gari litabaki laini. Kikichubuka, ongeza praima au badilisha tina, na hujapoteza kitu. Fundi yule alikielewa kipimo hicho papo hapo, akakiboresha: alipunguza presha na kusogeza bunduki mbali kuliko anavyofanya kwenye gari kubwa. Klia ya 2K, ile inayochanganywa na kigumishi, ina kemikali inayodhuru mapafu, kwa hiyo mpatie fundi barakoa ya kichujio kama hana, nawe kaa nje.

Msimu nao una maamuzi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ina unyevu mwingi na rangi ya NC huweka ukungu mweupe juu yake. Arusha, iliyo juu zaidi, kwenye mita kama 1,400, ina baridi na mawingu Juni na Julai. Rangi inachelewa kukauka na vumbi linapata muda wa kukaa. Moshi iko chini na ina joto zaidi, tatizo lake ni vumbi la kiangazi: mwagia sakafu maji kabla ya kupiga rangi. Mimi husugua na kuziba puti wakati wa masika, rangi nasubiri anga kavu. Anayejenga boksi jipya kwa gundi na brashi hasumbuliwi sana na kalenda hii, na hiyo ni faida yake ya kweli.

Lipi kwa nani

Anayemnunulia mtoto wa miaka kumi au kumi na mbili achukue marudio, tena la gari lenye vipande vichache. Kemikali za kuvua rangi si za mtoto. Mwenye pesa na hana muda pia achukue marudio. Mwenye muda na mikono, pesa kidogo, mkweche bila kusita. Anayewaza kuuza baadaye aelewe kwamba soko la vitu hivi liko mbali, na nauli ya kurudisha itakula faida. Sioni njia kati ya hizi tatu inayomfaa kama biashara.

Na kuna yule ambaye Chevrolet ya 1957 haimgusi moyo kwa sababu hajawahi kuiona barabarani. Namwelewa kabisa. Sisi tumekua na Land Rover, Peugeot, Datsun na Volkswagen. Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam kwa Peugeot 404. Mtu wa namna hiyo ndiye wa njia ya nne. Hasegawa ya Japani imetoa Datsun 240Z iliyoshinda mashindano hayohayo, ya Safari, mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kwa kipimo cha 1/24. Tamiya, nao wa Japani, wana Volkswagen 1300 ya 1966, na Italeri wa Italia wana Land Rover ndefu. Vipande vinashikana bila kubishana, maelekezo ni ya michoro, na kazi ya kusugua ni ndogo. Si kufufua, ni kujenga tu, lakini gari utakalomaliza babu yako angelitambua. Ukipata mkweche wa moja ya magari hayo, basi umepata vyote viwili, na ningeacha kila kitu niufanyie kazi.

Pa kuutafutia mkweche, mengi yako kwenye minada ya mtandaoni, na huko nunua kwa mafungu: magari matano au sita yaliyovunjika kwenye boksi moja hugawana nauli moja. Hapa nyumbani, kwenye mitumba ya vitu vya watoto pale Kiboriloni au Memorial, Moshi, pekua chini ya rundo. Lishike ulipime: gari la kuungwa lina mistari ya viungo, chasisi ya kipande tofauti, na pengine injini chini ya boneti, wakati gari la kawaida la kuchezea ni la plastiki nyumbufu isiyotoa sauti kavu ukiigonga kwa kucha.

Kabla ya kumlipa muuzaji wa mbali, mwombe picha nne: paa kutoka juu, kioo cha mbele dhidi ya mwanga, chasisi kutoka chini, na vipande vyote vilivyolegea vikiwa vimetandazwa mezani. Muulize kama matairi yamekuwa yakigusa bodi au vioo, naye ayatoe na kuyafunga kwa karatasi peke yake. Mwisho mwombe alijaze gari karatasi laini ndani, chini ya paa, na kuliweka kwenye boksi gumu badala ya bahasha, kwa sababu nguzo za mbele za paa ndizo zinazovunjika njiani kabla ya kitu kingine chochote.